Mapenzi Kizimbani: Beale Street na Dhuluma ya Rangi katika Filamu

Filamu za mapenzi zinazogusa ubaguzi wa rangi huponzwa na sifa zake zenyewe. Anayezipenda husema mapenzi yameifanya dhuluma iweze kutazamika. Asiyezipenda huzilaumu kwa hilohilo, kwamba zimeipaka asali dawa iliyopaswa kumezwa ikiwa chungu. Wote wawili wamekubaliana bila kujua: mapenzi na dhuluma ni vitu viwili vilivyotiwa katika chombo kimoja, na kimoja kipo ili kupunguza makali ya kingine. Filamu ya If Beale Street Could Talk, aliyoiongoza Barry Jenkins mwaka 2018 kutokana na riwaya ya James Baldwin ya mwaka 1974, haiingii katika makubaliano hayo. Humo mapenzi hayapunguzi makali ya chochote. Yamepandishwa kizimbani kutoa ushahidi, na ushahidi wenyewe ni wa aina ambayo jalada la mahakama halina pa kuuandika: ni kitu gani hasa kilichoporwa, na kilikuwa na thamani gani kabla hakijaporwa.

Kisa ni kifupi. Tish Rivers ana miaka 19, anauza manukato katika duka kubwa la New York. Alonzo Hunt, ambaye kila mtu humwita Fonny, ana miaka 22. Ni mchongaji anayepika mgahawani ili aweze kuishi. Wamekua pamoja Harlem tangu utotoni, na wamekuwa wapenzi polepole kiasi kwamba wenyewe hawawezi kutaja siku. Wanahangaika kutafuta pa kupanga, maana wenye nyumba wakishaiona rangi yao vyumba huwa vimeshachukuliwa, hadi wanampata Levy, kijana wa Kiyahudi aliye tayari kuwapa ghala tupu walifanye makazi. Kabla hawajahamia, mwanaume mmoja anamshikashika Tish akinunua nyanya dukani, Fonny anamtupa nje, na askari wa Kizungu aitwaye Bell anatokea akitaka kumkamata Fonny badala ya mchokozi. Mwanamke wa Kizungu mwenye duka anamtetea kijana, na Bell anaondoka na fedheha yake moyoni. Baadaye Victoria Rogers, mwanamke kutoka Puerto Rico, anabakwa mtaa wa Orchard, na Bell anaapa kwamba alimwona Fonny akikimbia kutoka huko. Saa hiyo Fonny alikuwa chumbani kwake mtaa wa Bank, mbali na tukio, pamoja na Tish na rafiki yao Daniel. Kwa lugha ya mitaani kwetu, amebambikiziwa kesi. Tish anagundua ana mimba mwenzake akiwa mahabusu, na habari hiyo anampa kwa simu, wakitazamana kupitia kioo.

Baldwin hakukiokota kisa hiki hewani. Rafiki yake Tony Maynard, aliyewahi kumfanyia kazi, alikamatwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1967 kwa tuhuma za mauaji yaliyotokea New York. Baldwin alimpigania kwa miaka, akaandika habari zake katika No Name in the Street, kitabu cha mwaka 1972, na Maynard akaachiwa mwaka 1974, mwaka uleule riwaya ilipotoka. Mwandishi huyu basi alikuwa na kesi halisi mkononi, yenye mawakili, mikutano, barua na safari za kuvuka bahari. Angeweza kuandika riwaya ya kampeni. Badala yake alimkabidhi simulizi msichana mjamzito wa Harlem asiyejua sheria, na jinai akaifanya kuwa nyingine kabisa. Baadhi ya wahakiki wa wakati ule waliona amelegea, ingawa Joyce Carol Oates aliisifu riwaya katika New York Times. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa kuchunguzwa kabla ya mengine yote. Kampeni huthibitisha kwamba mtu hana hatia. Haiwezi kuthibitisha kwamba alikuwa na maisha.

Na maisha hayo yalikuwa na historia mbaya kwenye skrini. Mwaka 1898 huko Chicago, William Selig alipiga picha za sekunde chache tu za wasanii wawili Weusi, Saint Suttle na Gertie Brown, wakibusiana, wakicheka, wakivutana mikono na kubusiana tena. Kipande hicho, Something Good – Negro Kiss, kilikaa kimesahaulika hadi kilipotambuliwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata, uleule wa filamu ya Jenkins, kikaingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Kati ya busu hilo na kutambuliwa kwake kuna zaidi ya karne, na karne hiyo haikuwa tupu. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, ambamo tamaa ya mwanaume Mweusi ni tishio linaloishia kwa kuuawa na kundi la Ku Klux Klan, na mauaji hayo mtazamaji anatakiwa kuyashangilia. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Weusi na Weupe. Hata mwaka 1967, mahakama kuu ya Marekani ilipofuta sheria za majimbo zilizopiga marufuku ndoa za namna hiyo, Sidney Poitier katika Guess Who's Coming to Dinner alilazimika kuwa daktari bingwa wa kimataifa asiye na doa ili astahili kupendwa, na busu lake tunaliona kupitia kioo cha dereva wa teksi. Baldwin aliichambua filamu hiyo katika The Devil Finds Work, kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu sinema. Tatizo la filamu za aina hiyo si kwamba zina nia mbaya. Swali lake siku zote ni kama Wazungu watakubali, na hivyo hata penzi la Mweusi linageuka kuwa mtihani unaosahihishwa na mwingine.

Penzi la Weusi kwa Weusi linaliondoa swali hilo mezani. Mzungu hayumo chumbani, hana la kukubali wala kukataa, na bado dhuluma inaingia. Tunachobaki kuuliza ni imepita mlango gani. Katika Nothing But a Man, filamu ya Michael Roemer ya mwaka 1964, inaingia kupitia mshahara: Duff, kibarua wa reli huko Alabama, anamwoa Josie, mwalimu na binti wa mchungaji, lakini kila kazi anayopata anaipoteza kwa sababu hainamishi kichwa, mpaka hasira aliyoizuia kazini inamfikia mkewe mjamzito nyumbani. Katika Claudine, iliyotoka mwaka 1974 sambamba na riwaya ya Baldwin, inaingia kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Claudine ni mama wa watoto sita wa Harlem, mpenzi wake ni mzoa taka, na wakija kuchumbiana wanapaswa kuficha vifaa vya umeme na hata mwanaume mwenyewe afisa wa ustawi anapobisha hodi, kwa kuwa zawadi ya mpenzi inahesabiwa kama kipato na kukatwa kwenye posho. Mahakama kuu ilikuwa imeshalipiga kofi jimbo la Alabama mwaka 1968 kwa kuwanyima watoto msaada eti kwa sababu mama yao ana mwanaume, lakini tabia ya kuchungulia vyumba vya maskini haikufa kwa hukumu moja. Ni filamu ya kuchekesha, na ndani ya kichekesho chake kuna hoja nzito kuliko filamu nyingi za kununa.

Hapo ndipo inapobidi kumtaja Daniel Patrick Moynihan. Mwaka 1965, akiwa afisa katika wizara ya kazi ya Marekani, aliandika ripoti iliyodai kwamba kiini cha matatizo ya Weusi kilikuwa kudhoofika kwa familia: baba hayupo, mama ndiye anayeongoza, watoto wanaharibika. Ripoti ilitaja utumwa na ukosefu wa kazi kama chanzo, lakini kilichobaki katika vichwa vya watu ni kwamba Weusi wameshindwa kupendana ipasavyo. Sasa itazame familia ya Rivers. Baba, Joseph, yupo na anafanya kazi. Mama, Sharon, ana busara na upole. Dada, Ernestine, ana ulimi mkali na akili kali zaidi. Kijana anataka kuoa, ana ufundi, ana kazi, amepata pa kuishi. Mimba inapotangazwa, inamiminwa pombe na kila mtu anapewa glasi. Yote ambayo ripoti ingetamani yamo ndani ya nyumba hiyo, na kijana yumo gerezani vilevile. Wanaosema kwamba wapenzi hawa ni wasafi mno kuaminika hawajaona usafi huo unafanya kazi gani. Umeondoa visingizio kimoja kimoja, mpaka linabaki jambo moja tu la kueleza kilichotokea, nalo limevaa sare ya polisi.

Lakini nguvu kubwa zaidi ya filamu iko katika jinsi inavyoshika muda. Tunaanza na wapenzi wakitembea chini ya miti, wameshikana mikono, wamevaa rangi zinazoitikiana. Kisha tunarushwa moja kwa moja kwenye kioo cha mahabusu. Tish ndiye msimuliaji, na kumbukumbu zake hazifuati kalenda. Kila tukio la furaha tunaloonyeshwa, usiku wa kwanza pamoja, siku Levy na Fonny wanapobeba friji ya kufikirika katika ghala tupu kumwonyesha Tish jiko litakaa wapi, tunalitazama tukijua kwamba limeshakwisha. Tunapata raha na tunaibiwa raha hiyohiyo kwa mpigo mmoja. Joi McMillon na Nat Sanders, wahariri wa filamu, wamefanya kwa mkasi kitu ambacho hotuba haiwezi: wamemfanya mtazamaji ahisi kifungo kama upotevu wa saa zilizokuwa na mwenyewe. Halafu kuna saa nyingine inayokwenda mbele bila huruma. Mahakama inaahirisha, tumbo haliahirishi. Mtoto atazaliwa tarehe yake, wakili Hayward awe amepata shahidi au hajapata.

Katikati ya muda huo anakaa Daniel, na mandhari yake mtaa wa Bank ndiyo roho ya filamu. Marafiki wawili wanakunywa bia, Tish anahudumia, muziki wa Miles Davis unasikika, na kamera, badala ya kukata kutoka uso hadi uso, inateleza taratibu kati yao. Daniel, anayeigizwa na Brian Tyree Henry, anaanza kwa vicheko. Kisha anasimulia miaka miwili aliyokaa jela kwa wizi wa gari, yeye asiyejua hata kuendesha. Alikutwa na bangi kidogo, akatishwa, akakubali kosa lile lingine. Anapojaribu kueleza kilichompata humo ndani sauti inamkauka, na hofu aliyotoka nayo tunaiona usoni zaidi ya tunavyoisikia. Daniel hana mpenzi kwenye kisa hiki. Anaonyesha binadamu anabaki nini baada ya kuporwa uwezo wa kumwamini mtu. Naye ndiye shahidi wa kwamba Fonny hakuwa Orchard. Kwa hiyo anakamatwa tena. Zingatia hesabu ya sheria hapa: waliojua ukweli ni watatu, mmoja ni mshtakiwa, mmoja ana rekodi ya jela aliyotengenezewa, na wa tatu ni Tish, ambaye neno lake halina uzito kwa sababu anampenda mshtakiwa. Mapenzi ndiyo yaliyomweka mahali pa kujua, na mapenzi hayohayo ndiyo yanayomwondolea sifa ya kuaminika. Filamu nzima inaweza kusomwa kama ushahidi ambao Tish hakuruhusiwa kuutoa.

Namna kesi inavyomalizika ndipo Jenkins alipothubutu kumwacha Baldwin. Riwaya haitwambii wazi hatima ya Fonny. Katika filamu Fonny anakubali kukiri kosa ambalo hakulitenda ili apunguziwe adhabu, na tunamwona mwishoni katika ukumbi wa wageni wa gereza, na mtoto wake amekwisha kukua kiasi cha kuzungumza. Msomaji wa Kenya au Tanzania anaufahamu utaratibu wenyewe: Kenya iliyaingiza makubaliano ya kukiri kosa katika sheria mwaka 2008, Tanzania mwaka 2019. Huko Marekani ndio uendeshao mahakama. Mwaka 2012 mahakama kuu ilitaja katika hukumu yake kwamba asilimia 97 ya waliotiwa hatiani katika ngazi ya shirikisho, na asilimia 94 katika majimbo, walikiri wenyewe bila kesi kusikilizwa hadi mwisho. Baldwin aliandika wakati wafungwa wa majimbo na wa shirikisho walikuwa wachache zaidi, karibu 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2009 walikuwa wamepita milioni 1.6. Na anayekataa kukiri? Kalief Browder, kijana wa Bronx, alikamatwa mwaka 2010 akiwa na miaka 16 kwa tuhuma za kuiba begi. Alikataa kukiri, akakaa katika gereza la Rikers Island takriban miaka mitatu bila kesi kusikilizwa, muda mwingi akiwa amefungiwa peke yake. Mashtaka yakafutwa, na mwaka 2015 akajiua. Fonny aliyekuwa na mke mtarajiwa na mtoto alikuwa na sababu ya kuhesabu miaka. Hapo mapenzi yenyewe yanatumiwa kama shinikizo: mwenye wa kurudi kwake ndiye anayeuza haki yake haraka.

Lawama inayosikika zaidi dhidi ya filamu ni kwamba ni nzuri mno. Rangi zake zimeiva, vinanda vya Nicholas Britell vinapanda na kushuka, nyuso zinaitazama kamera moja kwa moja kama picha za ukutani, na kuna anayeuliza kama umaskini wa Harlem ulifanana na hivyo. Sehemu ya lawama hii ni ya haki. Mahali Fonny anapouzunguka mti anaouchonga huku moshi wa sigara ukijikunja katika mwanga, picha imejipenda kupita kazi yake. Ila kwa ujumla wazo la kwamba dhuluma lazima ionyeshwe kwa picha mbaya lina mzizi usiochunguzwa. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi za Kodak zilirekebishwa kwa kadi za picha za wanawake wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli chenye meno. Ubaya huo wa picha ulitengenezwa maabara, haukuwa uhalisia. James Laxton, mpiga picha mkuu wa Jenkins, anaimulika ngozi ili tuone kile ambacho Tish anakiona, na bila kuona anachokiona hatuna namna ya kupima hasara yake. Tena Jenkins hamwachi mtazamaji alewe. Anaingiza picha halisi, za nyeusi na nyeupe, za Wamarekani Weusi mikononi mwa polisi na katika kazi ngumu. Kwenye kaunta ya manukato anaonyesha jinsi wateja wanavyotofautiana: mwanaume Mweusi ananyoosha mkono wake mwenyewe upuliziwe, Mzungu anaushika mkono wa Tish na kuupeleka puani, anaukawiza hapo. Hakuna aliyetukana wala kupiga, na ni sekunde chache tu. Ni urembo huohuo wa picha unaotufanya tuhisi kwamba mkono ule umechukuliwa.

Lawama nzito zaidi inamhusu Victoria. Amebakwa kweli. Katika hadithi inayotutaka tumpende Fonny, mwanamke huyu anaweza kugeuka kikwazo, sauti ya kuzimwa ili wapenzi wapone. Na historia ya kutoaminiwa kwa wanawake waliobakwa ni ndefu kama ya Weusi kubambikiziwa ubakaji. Filamu inalijua hilo na inalibeba kwenye safari ya Sharon kwenda Puerto Rico. Mama anajiandaa mbele ya kioo, anavaa wigi, analivua, hajui ni sura gani itamfanya asikilizwe. Anampata Victoria, anamwonyesha picha, anamsihi kwa upole wa mama kwa binti, anataka kumgusa. Victoria anapiga kelele na kuondolewa. Regina King alipata Oskari ya mwigizaji msaidizi mwaka 2019 kwa nafasi hii, na anayetaka kujua kwa nini aangalie uso wake baada ya kelele zile: Sharon anatambua kwamba mapenzi yake, yaliyo safi kabisa, yamemjeruhi upya mwanamke mwingine. Hakuna anayesema Victoria ni mwongo. Alielekezwa kwa mtu na askari, akiwa katika hali ya kutoweza kubishana na yeyote. Dola imewagonganisha wahanga wawili na kujiondoa. Hata hivyo sidhani jibu hili linamaliza deni. Tunajua Tish anapenda chakula gani, anaogopa nini, anacheka vipi. Kuhusu Victoria hatujui chochote nje ya jeraha lake. Filamu iliyoamini kwamba maisha ndiyo ushahidi ilipaswa kumpa naye dakika tano za maisha.

Wapo pia wanaouliza kwa nini kila penzi la Weusi lazima lipitie polisi. Swali ni halali, na jibu lake ni kwamba si lazima: Love Jones ya mwaka 1997 na Love & Basketball ya mwaka 2000 zilionyesha vijana Weusi wakipendana, wakigombana na kurudiana bila askari kutokea, na zinahitajika nyingi kama hizo. Ila baina ya filamu zinazoleta polisi kuna tofauti isiyopaswa kupuuzwa. Katika Queen & Slim ya Melina Matsoukas, mwaka 2019, watu wawili wasiojuana wanatoka kwa mara ya kwanza, wanasimamishwa barabarani Ohio, askari anauawa katika purukushani, na wanakimbia. Wanapendana wakiwa mbioni. Ni filamu yenye mvuto, lakini penzi lake limezaliwa na dhuluma na linaishia katika picha za ukutani na fulana. Wapenzi wamekuwa nembo kabla hatujajua wangekuwa watu gani siku ya kawaida. Tish na Fonny walikuwa na siku za kawaida. Walikuwa na nyanya za kununua. Ndiyo maana upotevu wao una ukubwa unaoweza kutajwa.

Kuna ushahidi mwingine kutoka mbali. Miaka 20 kabla ya Jenkins, Robert Guédiguian wa Ufaransa aliipeleka riwaya hiihii Marseille, katika À la place du cœur ya mwaka 1998. Kijana ni Mweusi aliyelelewa na familia ya Kizungu, mpenzi wake ni Mzungu, na mama anasafiri hadi Sarajevo kumtafuta mwanamke aliyebakwa. Kisa kinasimama, na mshikamano wa wafanyakazi wa Marseille una joto lake, lakini uzito umehamia mahali pengine: sasa tunatazama jinsi watu wema wanavyoungana kuvuka rangi. Kwetu sisi Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inaleta hoja nyingine tena. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa, na Denge, Mwafrika mpigania uhuru, wanapendana Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Waingereza. Denge anawindwa kwa jambo analolifanya kweli, na penzi linamvuta Yasmin kuingia katika harakati. Ukiitoka filamu hiyo na kuirudia Beale Street, pengo linaonekana: miaka ileile ya uasi wa gereza la Attica, mwaka 1971, na ya Black Panther mitaani, hakuna mkutano, hakuna kipeperushi, hakuna anayesema tuandamane. Je, mapenzi yameimeza siasa?

Nadhani yameihamishia nyumbani, na hilo lina faida na hasara. Kamati ya utetezi wa Fonny ni ukoo. Joseph na Frank, baba wa Tish na baba wa Fonny, wanakaa baa na kukubaliana kuiba bidhaa na kuziuza ili walipe wakili; wanasema waliwalea watoto bila fedha na watawatetea bila fedha pia. Hii ni siasa ya watu wasio na wakati wa kuandika katiba ya chama, na filamu inaipa heshima yake. Hasara ni kwamba gharama ya siasa hiyo tumepunguziwa. Katika riwaya Frank anakamatwa akiiba kazini, anafukuzwa, na anajiua. Anafanya hivyo mwanawe akiwa bado ndani. Jenkins amekiacha kifo hicho. Frank wa filamu, aliyeigizwa na Michael Beach kwa hasira inayotetemeka, anafifia tu katika theluthi ya mwisho, na hatuambiwi alikwenda wapi. Naelewa kwa nini: mwongozaji alitaka meza ya wageni gerezani, mtoto na sala ya chakula, na maiti ya babu ingeibana meza hiyo. Lakini kwa kipimo cha filamu yenyewe, uamuzi ule ni kosa. Kama mapenzi ni ushahidi wa kilichoporwa, basi Frank ndiye ushahidi mzito kuliko wote, mwanaume ambaye kumpenda mwanawe kulimgharimu kazi, jina na pumzi, na jalada halikumtaja popote. Baldwin alimwandika. Hapo riwaya iliyodhaniwa kulegea ni ngumu kuliko filamu iliyotokana nayo.